Thimlich Ohinga ni ya Wajaluo ama ya Wabantu? Mjadala uko wazi

Wadau, naona ubishi umerudi tena. Upande mmoja mnasema Thimlich Ohinga, yale maboma ya kale ya mawe kule Migori, Kenya, ni kazi ya Wajaluo tupu, si jina lenyewe ni la Kijaluo, upande mwingine mnasema la, Wabantu ndio walijenga, Wajaluo walikuta kuta zimesimama wakaingia tu. Mi naona nyote mnakosea pale pale, mnachukulia kijiji kinajengwa mara moja na mwenyewe ni mmoja alafu basi.

Hebu angalieni ule ukuta. Mawe matupu, hakuna udongo hakuna simiti, hata msingi haukuchimbwa, wamepanga uso wa nje, wakapanga wa ndani, alafu katikati wakashindilia mawe madogo madogo, na kuna pahali unapita mita 4 kwenda juu. Ukuta kama huo usipotunzwa unamwagika. Sasa inakadiriwa ulijengwa karne ya 16 na watu wamekaa humo mpaka karne ya 20 ilishaanza, niambieni ni nani alikuwa anarudishia mawe yakianguka miaka yote hiyo? Waliotangulia walihama, wengine wakapanda kilimani wakakuta maboma matupu, wakaziba palipobomoka, wakaongeza na kuta zao, nao pia wakaenda zao. Kwangu mimi aliyerudishia ukuta naye amejenga.

Na hawakuwa wapita njia. Ule mlango ni mfupi lazima uiname, juu umebebwa na mabamba ya mawe, yaani adui anatanguliza kichwa na mwenye boma anamsubiri ndani. Ng'ombe katikati, nyumba kando kando ya ukuta. Kuna mpaka mashimo ya bao yamechongwa kwenye mwamba, haya tuambieni waliocheza hapo walikuwa kabila gani!

UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia 2018, sawa, lakini South Nyanza kuna mamia ya maboma mengine kama hayo na mengi hayana mlinzi, watu wanabeba mawe wanaenda kujengea. Huko ndiko ningetaka hizi nguvu zenu ziende. Mwenye babu ama nyanya aliyesimulia nani aliishi kwenye ohinga (boma la mawe) ya kwao, Mjaluo, Msuba, Mkuria, yeyote, aandike hapa chini na ataje na kilima chenyewe.