Tupeane uzoefu: mstari wa Biblia ulioushika ndoa yako ilipoyumba, ulikufikisha wapi?

Mama Wawili (mwanzisha mada)
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Msioitikia salamu hiyo, habari za jioni.

Huu ni mwaka wa 11 niko kwenye ndoa. Mume wangu tulikutana kwaya, yeye akiimba besi, mimi sauti ya pili. Miaka mitatu iliyopita tulimzika mtoto wetu wa mwisho, alikuwa na miaka minne. Tulikuwa tumefunga, tumekesha, watumishi wanapishana mlangoni, mmoja akasema ameoneshwa mtoto anacheza mpira. Tangu tuanue matanga mume wangu hajakanyaga kanisani. Hanipigi, halewi, hela ya matumizi anaacha. Ila mezani nikianza sala ya chakula, yeye anashika kijiko.

Mzee mmoja wa kanisa alinijia na 2 Wakorintho 6:14, "msifungwe nira pamoja na wasioamini", utadhani nimeolewa jana na mtu nisiyemjua. Mama wa maombi akanipa 1 Petro 3:1, nimvute bila neno. Hilo nimelishika, lakini kunyamaza nako kumeanza kufanana na kununa.

Na mimi mwenyewe siku hizi nasali kwa mazoea tu. Hilo sijamwambia mtu.

Naomba msinirushie mistari. Aliyepita akiwa ameshika neno fulani, asimulie lilimfikisha wapi, hata kama halikumfikisha popote.

Kijiwe cha Kahawa
Ndiyo maana mimi sioi. Naendelea kusoma.

Baba Mkesha
Pole sana dada. Ya kwangu wengine mtacheka, chekeni tu.

Mke wangu alihamia huduma moja akashika moto kweli. Jumatano maombi ya akina mama, Ijumaa mkesha, Jumapili mpaka jua lizame. Kufunga siku 21, zikikaribia kuisha zinaongezwa saba. Friji ilijaa chupa za maji ya upako mpaka maziwa yakakosa pa kukaa. Mimi nakula kiporo na kulala kama mseja.

Siku moja nikafungua 1 Wakorintho 7:5, nikamsomea kwa sauti ya hakimu: "Msinyimane!" Akaniangalia akasema hata shetani alipomjaribu Yesu alinukuu maandiko. Nikakosa jibu.

Nilienda kwa wasimamizi wetu wa ndoa nikitaka wanisaidie kumkemea. Mama msimamizi akaniambia nisome tena aya hiyo, taratibu, mpaka mwisho. Kumbe inasema msinyimane "isipokuwa mmepatana kwa muda, ili mpate faragha kwa kusali". Mmepatana! Mimi nilikuwa nimeona neno la kwanza tu. Mke wangu hakuwahi kuniuliza, ni kweli, lakini na mimi Jumamosi zote za mpira sikuwahi kumuuliza. Alianza kwenda kule kwa sababu nyumbani hakukuwa na mtu wa kuongea naye. Hayo aliyasema mbele ya wasimamizi, nilitamani sakafu ipasuke.

Sasa mkesha ni mmoja kwa mwezi na tunaenda wote. Kuanzia saa nane usiku nasinzia, ananifinya.

Chombo Kisicho na Nguvu
Jina langu hapa nimelichukua 1 Petro 3:7, na nitaeleza kwa nini.

Nilipigwa miaka sita. Kila nikienda kwa mchungaji wangu wa wakati huo nilipewa Malaki 2:16, Mungu anachukia kuachana. Narudi nyumbani na huo mstari kama panadoli. Siku niliyovunjwa mkono, nesi aliyenifunga plasta, mama mtu mzima, akaniuliza kama nimewahi kumaliza kuisoma hiyo aya. Sikuwahi. Pumzi hiyohiyo ya Mungu kuchukia kuachana, inamtaja pia mtu anayeifunika nguo yake kwa udhalimu. Na aya zilizotangulia pale zinawakaripia wanaume waliowatenda kwa hiana wake wa ujana wao! Miaka sita nilisomewa nusu ya aya, tena mshitakiwa nikawa mimi.

Hiyo ya "chombo kisicho na nguvu" nayo nilikuwa naisikia kwenye mahubiri ya harusi kama kijembe. Maliza aya: mume ampe heshima, kusudi maombi yenu yasizuiliwe. Yaani Petro anamwambia mwanaume akimdhalilisha mke, sala zake zinakwama.

Nilikwenda dawati la jinsia polisi, halafu Baraza la Usuluhishi la kata. Kwa dada zangu msiojua: Sheria ya Ndoa ya 1971 ya hapa Tanzania, kifungu cha 66, inasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpiga mwenzake. Na kwa kawaida mahakama haipokei shauri la talaka mpaka mpitie baraza, likishindwa ndipo linatoa hati ya kuthibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Nawaeleza njia tu, simwambii mtu aachike. Mimi niliondoka. Imani niliipoteza mwaka mzima, ikarudi polepole, kwa kusikiliza nyimbo za zamani nikifua. Wapo wanaosema nimeasi, na kwenye jumuiya wengine hawanipi mkono mpaka leo.

Mzaramo wa Bomani
Mimi ni Mkatoliki, mume Muislamu, ndoa tulifunga bomani kwa Mkuu wa Wilaya. Nilichoshika ni 1 Wakorintho 7:13, mume asiyeamini akikubali kukaa nawe, usimwache. Miaka 14, Ramadhani napika futari, Krismasi yeye ndiye anawanunulia watoto nguo. Kilichoniuma ni kukaa benchi wenzangu wakienda kukomunika. Sikujua kama kuna ruhusa ya askofu na ndoa ikabarikiwa, nilidhani nimeshafungiwa mlango. Padri mgeni ndiye aliyenieleza. Niliyoogopa zaidi ni mume kukataa. Akauliza tu, "Nije na kanzu au suruali?"

Kijiwe cha Kahawa
😂😂 huyo shemeji apewe soda.

Elkana
Sisi hatuna mtoto, mwaka wa tisa. Mama yangu alishaanza kuja na wasichana wa kijijini "kunisalimia".

Nilijiona mume bora kwa kuwa nilikuwa na ule mstari wa 1 Samweli 1:8, Elkana anamwambia mkewe Hana, aliyekosa mtoto, "Je! Mimi si bora kwako kuliko watoto kumi?" Nikamwambia mke wangu, nikitegemea anikumbatie. Alilia usiku kucha. Nilikasirika kwelikweli.

Baadaye nikarudi kusoma. Elkana alikuwa na mke mwingine, Penina, na watoto wa Penina, kwa hiyo kwake maneno yale hayakuwa na gharama. Na Hana hakumjibu! Alinyanyuka akaenda kumlilia Mungu, na huko nako kuhani Eli akamdhania amelewa. Mume hakumwelewa, kuhani hakumwelewa. Nikamwomba mke wangu radhi, kisha nikafanya nililokuwa nalikwepa: nikaenda kupima. Tatizo lilikuwa langu. Nilimweleza mama mwenyewe, kwa mdomo wangu, na wasichana wakaacha kuja.

Mtoto bado. Tunaye binti wa marehemu dada yangu, yuko darasa la tatu.

Besi Mstaafu
Mama Wawili, nimesoma ya wote lakini nitajibu lako, maana mimi ni huyo mume wako, ila mimi nilifiwa na pacha wangu.

Pale msibani watu wasiopungua thelathini waliniambia "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa". Nikaichukia ile sentensi. Miaka baadaye nikagundua kwamba Ayubu aliisema mwenyewe. Hakuambiwa na wageni. Rafiki zake walipofika walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Hapo walikuwa sawa. Waliharibu walipofungua midomo, na mwisho wa kitabu Mungu mwenyewe anawaambia hawakunena yaliyo sawa. Aliyekuwa analalamika ndiye aliyetetewa.

Kilichonirudisha mimi, kama nimerudi, ni Zaburi 88. Haina aleluya mwishoni. Inaanza kwa kilio na inaishia gizani, na bado waliiacha ndani ya Biblia, watu wanaimba. Nikajisemea kama hii imo humu, basi na mimi naweza kukaa humu.

Sikurudi kwaya. Nakaa nyuma karibu na mlango, siku nyingine natoka kabla ya sadaka. Mke wangu haulizi. Na dada yangu, kuna kunyamaza kwa "nakusubiri utubu" na kunyamaza kwa "na mimi naumia". Mwanaume anazitofautisha. Lile ulilosema hujamwambia mtu, ningekuwa mimi ningemwambia yeye kwanza.

Mama Wawili
Nimekaa siku nne sijajibu, nisameheni. Chombo, nimekulilia. Elkana, Mungu awalindie binti yenu.

Kaka Besi, nilimwambia juzi usiku taa zikiwa zimezimwa. Kwamba na mimi sisali, natamka tu. Alikaa kimya sana mpaka nikadhani kalala. Halafu akasema, "Nilidhani wewe hukumlilia." Tangu msibani hatukuwahi kulitaja jina la mtoto wetu tukiwa wawili. Tulilitaja.

Zaburi 88 nimemwachia imefunguliwa mezani, sijasema kitu. Leo nimekuta kaifunga, lakini kaweka risiti ya luku katikati.

Jumapili amesema atatupeleka na gari mpaka getini.