Mjadala: Huruma iwe somo la darasani lenye mtihani?

Mwalimu wa Zamu:
Wakuu, kuna wanaotaka huruma ifundishwe shuleni na mtoto apimwe kama anavyopimwa hesabu. Mimi naunga mkono. Mtoto akizoezwa mapema kujiuliza "mwenzangu anajisikiaje?", uonevu utapungua. Mnasemaje?

Kisiki:
Napinga. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, sasa mtihani utapima nini? Halafu kuna watoto hawakujaliwa hicho kitu. Wenye usonji (autism) hawana huruma, sayansi ilishathibitisha kwa yale majaribio ya midoli. Utawapa sifuri?

Dada Mkubwa:
Kisiki, hapo umenichoma. Mdogo wangu ana usonji. Mtu akilia nyumbani anaziba masikio na kutoka. Wageni husema "huyu hajali". Baadaye anarudi na bilauri ya maji, anaiweka sakafuni karibu na mlango bila kumwangalia mtu, anaondoka. Kama hiyo si huruma, niambie ni nini. Na asiyejali angeziba masikio ya nini?

Kisiki:
Pole dada, lakini mtoto mmoja hafuti utafiti. Mdoli anaficha gololi kwenye kapu, anatoka, mdoli mwingine anaihamishia kwenye kisanduku. Mtoto anaulizwa: wa kwanza akirudi ataitafuta wapi? Jibu ni kwenye kapu, maana hakuona ikihamishwa. Wenye usonji walishindwa. Halina ubishi hilo.

Msomaji Mkongwe:
Ubishi upo, tena mkubwa. Jaribio hilo ni la 1985, la Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith kule London. Watoto wenye usonji walikuwa 20, wakakosea 16. Wale wanne waliopatia hakuna anayewataja. Na kilichopimwa ni kujua mwenzako anaamini nini, si kuumia mwenzako anapoumia. Tapeli hodari anajua unachowaza na unachotamani, ndiyo maana anakuibia, na kilio chako hakimnyimi usingizi. Kwenye mtihani wa Mwalimu, tapeli huyo ataongoza darasa.

Mwalimu wa Zamu:
Msinilishe maneno. Nani kasema tufundishe utapeli?

Nuru_7:
Mimi nina usonji na nimechoka kujadiliwa kama sipo. Damian Milton, mwanasosholojia ambaye naye ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili. Mimi nashindwa kusoma sura zenu, nyinyi mnashindwa kusoma yangu, ila anayepelekwa kupimwa ni mimi peke yangu. Nikiwa na wenzangu wenye usonji tunaelewana haraka. Huo mtihani atautunga nani?

Kisiki:
Sasa mnanigeuza katili. Nilichosema ni kwamba hawa watu hawapimiki.

Dada Mkubwa:
Ulisema "hawana huruma". Rudi juu ukasome. Hayo maneno ndiyo yanayofanya watoto wa shule wamsukume mdogo wangu wakiamini hasikii uchungu.

Msomaji Mkongwe:
Mwalimu, hata hilo zoezi lako la kujiweka kwenye nafasi ya mwenzako lina kasoro. Tal Eyal, Mary Steffel na Nicholas Epley walichapisha mwaka 2018 majaribio 25. Waliojiweka kwenye nafasi ya mwingine hawakupatia zaidi alichokuwa anawaza au kuhisi. Kilichosaidia ni kumuuliza mhusika mwenyewe. Ukijiweka kwenye nafasi yangu unabeba na mawazo yako, kisha unasema ni yangu.

Mwalimu wa Zamu:
Basi kuuliza nako kunafundishika. Na kinachofundishika kinapimika.

Dada Mkubwa:
Mdogo wangu haongei. Utamuulizaje?

Nuru_7:
Dada, mpe picha au kitu cha kuandikia, kisha mpe muda. Muda ndio watu wanaobana. Wanauliza, wanahesabu pumzi mbili, wanamjibia. Na msimlazimishe awatazame usoni. Mimi nikimtazama mtu usoni sisikii tena anachosema, nguvu zote zinaishia kwenye macho yake.

Kisiki:
Haya, mimi nauliza. Usipomtazama mtu usoni, unajuaje kama anakudanganya?

Nuru_7:
Nasikiliza anachosema leo kama kinalingana na alichosema jana. Wewe unayetazama macho, hujawahi kudanganywa?

Mwalimu wa Zamu:
Wakuu, mtihani uwepo au usiwepo?

Dada Mkubwa:
Mwalimu, subiri kwanza. Nuru, hizo picha unachora mwenyewe au kuna zilizo tayari?