Kutoka Dawati la Jinsia kwenda kufundisha sosholojia ya familia: nianzie wapi?

Askari wa Nyanda: Wakubwa shikamooni, na wengine habari za leo. Mimi ni askari polisi hapa Mbeya, na sehemu kubwa ya utumishi wangu nimeipitisha kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, nikipokea malalamiko ya vipigo na ya familia zilizotelekezwa. Nina shahada ya kwanza ya sosholojia yenye GPA (wastani wa alama) ya 3.9, na sasa natamani kufundisha sosholojia ya familia katika chuo chochote kati ya Mbeya na Iringa. Je, njia ya kuingia darasani ni ipi, na uzoefu wa dawati utakuwa na uzito mbele ya jopo la usaili au utaonekana ni hadithi za kituoni tu?

Mwalimu wa Kihesa: Afande, njia yenyewe haina siri. Vyuo vikuu vya umma kwa kawaida hudai GPA isiyopungua 3.8 katika shahada ya kwanza, nawe unayo. Ukitaka kuwa Mhadhiri Msaidizi, utahitaji pia uzamili wenye 4.0. Usivisahau vyuo vya maendeleo ya jamii, Uyole hapo kwenu na Rungemba upande wa Mafinga.

Kuhusu uzoefu, una uzito mkubwa, ila itategemea unausimulia vipi. Chukua kesi zile zinazokufa kwa sababu wahusika "wameyamaliza kifamilia". Kwa mpelelezi huo ndio mwisho, kwa kuwa mlalamikaji hataki tena kutoa ushahidi na jalada linafungwa. Kwa mwanasosholojia, hapo ndipo somo linapoanza: ni nani aliyeitisha kikao, shangazi au baba mkubwa, faini ilipokelewa na nani, mke aliyepigwa au kaka zake, na mama huyo angekwenda wapi iwapo kwao wanaogopa kudaiwa mahari irudishwe? Umewaona watu hao wamekaa kwenye benchi lako wakinong'onezana kabla mlalamikaji hajafungua mdomo. Wengi wetu tuliotoka shule moja kwa moja hadi chuoni hatujawahi kuwaona.

Binti Tukuyu: Nakubaliana na Mwalimu, lakini naweka tahadhari. Mama aliyekuja dawatini alikuja kutafuta msaada, hakuridhia kuwa mfano wa darasani, na huku kwetu ukibadilisha jina ukaacha kijiji na idadi ya watoto, wanafunzi wawili watatu watamtambua. Ukianza uzamili, omba kibali cha utafiti na uwahoji watu upya kwa ridhaa yao. Majalada yabaki kituoni.

Jambo jingine, polisi huiona familia siku ilipovunjika, na ukizoea hivyo utafundisha ugomvi badala ya familia. Isome pia ile isiyofika kituoni. Wanaanthropolojia Monica Wilson na mumewe Godfrey walipofanya utafiti kwa Wanyakyusa miaka ya 1930, walikuta wavulana wakijenga vijiji vyao vya rika, mbali na nyumba za baba zao. Ukimfundisha kijana wa Rungwe nadharia ya mwanasosholojia Talcott Parsons, aliyeitazama zaidi familia ya baba, mama na watoto ya Marekani ya wakati wake, umwonyeshe pia kwamba mababu zake waliishi kwa mpango mwingine kabisa, na kwamba yule bibi wa Makete anayelea wajukuu walioachwa na UKIMWI naye ana familia kamili.

Askari wa Nyanda: Nawashukuru sana, hasa kwa hilo la majalada, ambalo sikuwa nimelifikiria. Je, niache kazi kwanza au niombe ruhusa ya masomo?

Mwalimu wa Kihesa: Omba ruhusa, Afande, kwa barua inayopita kwa wakuu wako. Kabla ya hapo hesabu michango yako, maana pensheni ya PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, inahitaji uwe umechangia angalau miezi 180, na kama umebakiza michache, malizia ukiwa bado na sare, huku ukiandika pendekezo la utafiti jioni.