Tupeane uzoefu: kote (alama za mtihani) za chuo na "pita ofisini peke yako"

Yaya wa Katuba
Jambo kwenu wote, wa Lubumbashi na wa mbali. Mdogo wangu anasoma mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa mjini. Juzi alirudi nyumbani, akakaa jikoni gizani na viatu miguuni. Nilipomuuliza, akanipa simu nisome: "Kote zako ziko kwangu. Pita saa kumi na mbili jioni, uje peke yako." Saa hiyo ofisi zote zimefungwa. Aliyeandika ni asistanti, mwalimu msaidizi. Ndiye anayesahihisha, ndiye anayeandika kote, na mwanafunzi akileta rekuru, barua ya kupinga kote, inarudi mezani kwake yeye.

Wanafunzi wa Kongo jambo hili wameliita PST, pointi zinazoambukizwa kwa ngono, kama vile magonjwa. Watu hulitaja wakicheka. Mimi nimeshindwa kucheka.

Naomba tupeane uzoefu. Ulimwambia nani, na chuo kilifanya nini? Majina ya watu na ya vyuo tuyaache.

Binti Kampemba
Kwangu mimi alikuwa direktere wa memwari, mwalimu aliyesimamia kazi yangu ya kumalizia chuo. Alikaa na sura yangu ya pili miezi mitatu. Kila nikienda, ananiambia tukairekebishe nyumbani kwake, eti ofisini kuna joto. Siku aliponirudishia, karatasi zilikuwa zimenyooka vilevile nilivyozipeleka, hakuna hata nukta ya wino.

Nikaenda kwa doyeni, mkuu wa kitivo. Alinipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama nina shahidi. Shahidi wa nini, na mtu ananiita peke yangu? Akasema: "Binti yangu, nendeni mkaelewane, yule ana watoto." Muda wote ule kalamu yake ilikuwa mezani, hakuishika. Mpaka leo hakuna karatasi inayoonyesha kwamba niliwahi kuingia ofisi ile. Nilibadili mada, nikarudia mwaka, baba akauza pikipiki ili alipe minervali, ile ada ya chuo. Mtaani walisema mimi ni mvivu.

Mama F.
Binti yangu aliacha chuo mwaka wa kwanza. Nilimgombeza kwa ajili ya pesa. Sikumuuliza vizuri.

Muuguzi
Pole sana mama. Bado unaweza kumuuliza.

Niongeze la afya, kwa sababu wengine hawaishii kwenye ujumbe wa simu. Aliyebakwa awahi hospitali ndani ya saa 72, apewe dawa za kuzuia VVU. Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba kinaweza kusaidia hadi siku 5, lakini mapema ni bora. Asioge kwanza, na nguo aziweke kwenye mfuko wa karatasi, plastiki huharibu ushahidi. Ikiwa ameshaoga, aje hivyohivyo.

Nimeishi Bukavu. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Daktari Mukwege mwaka 1999, yule aliyepewa Nobel ya Amani mwaka 2018, inamtibu mgonjwa, inampa mtu wa kumsikiliza na inamsaidia kwa mambo ya sheria, yote mahali pamoja. Kwenye vyuo vyetu msichana anamsimulia shefu wa promosheni (mwanafunzi anayeongoza darasa), kisha sekreteri, kisha doyeni, kisha rekta, mkuu wa chuo. Akifika mlango wa nne sauti imekwisha.

Papa Avoka
Wanangu, mimi ni avoka, yaani wakili. Sheria ipo. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 inasema anayetumia mamlaka ya kazi yake kumshinikiza mtu ili apate ngono kwake anaweza kufungwa mwaka 1 hadi 12. Hapo kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kwa sheria hiyo, kwenye kosa hilo la unyanyasaji wa kingono, parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, haianzi mpaka aliyetendewa aweke malalamiko mwenyewe. Doyeni akikwambia "tutaangalia", huko parke hakuna kilichoanza.

Ubakaji ni miaka 5 hadi 20, na aliyebaka akiwa mwalimu wa aliyebakwa, kile kiwango cha chini kinaongezwa maradufu. Kesi kama hizo hazimalizwi kwa faini ya kulipana, hata familia zikikubaliana na mbuzi akachinjwa. Nimeona wazazi wakipokea dola mia mbili na msichana amesimama palepale.

Shefu wa promosheni wa zamani
Nimesoma yote kabla ya kuandika. Mimi ndiye niliyekuwa nabeba ujumbe. Asistanti ananiambia, "mwambie fulani apite kwangu," nami namwambia. Nilijua. Msichana mmoja alinitazama tu, akaniuliza: "Na wewe ungemtuma dada yako?" Sikumjibu.

Baadaye promosheni nzima tuliandika barua kwa komite inayoongoza chuo: karatasi za mtihani ziwe na namba badala ya jina, na mtu wa pili azisahihishe. Tulipeleka nakala mbili, yetu ikapigwa muhuri wa kupokelewa, na ule muhuri ndio uliotusaidia walipotaka kukana. Walikubali kwa somo lile moja. Msichana yule alipita mtihani. Mimi bado sijamwomba msamaha.

Binti Kampemba
Mwombe. Mimi ningependa kuombwa.

Yaya wa Katuba
Nimemsomea mdogo wangu jikoni, leo taa inawaka. Alinisimamisha kwenye maneno ya Papa Avoka, akataka niyarudie. Leo tumechapisha ujumbe wote, kurasa tisa, ameupanga kwa tarehe yeye mwenyewe. Anataka tuanze parke, barua ya chuo ifuate, nakala mbili, muhuri. Papa, tunaweza kukuletea usome kwanza?

Papa Avoka
Leteni Jumatatu asubuhi. Na simu yenyewe mje nayo, msifute kitu. Nakuandikia pembeni mahali pa kunikuta.