Tupeane uzoefu: umetoka jela, unaomba kazi, lile swali ulilijibuje?

Mleta mada: Wadau, nianze mwenyewe. Nilikula mvua miaka miwili kwa kughushi stakabadhi. Nilipotoka, kila fomu ilikuwa na kile kisanduku: umewahi kutiwa hatiani? Nikaweka tiki kwenye ndiyo, fomu kumi na moja, sikuitwa popote. Ya kumi na mbili nikakiacha wazi. Nikaitwa, nikasailiwa, mwishoni nikasema mwenyewe kabla hawajauliza. Wakanipa stoo badala ya dawati la fedha. Sikubisha. Nyie je?

Fundi Waya: Mimi nilijaza hapana. Miezi minane bosi ananisifu, kisha majibu ya polisi yakaja. Nikaondolewa siku ileile, tena si kwa ile kesi ya ngumi za ujanani, bali kwa uongo. Kesi yenyewe walisema wangeipuuza. Bado inaniuma.

Upande wa Pili: Mimi ndiye ninayeajiri. Kwetu swali tumelitoa kwenye fomu. Tunakagua baada ya kumwahidi mtu kazi kwa masharti. Tunatazama kosa ni la aina gani, limepita muda gani, na linahusianaje na kazi yenyewe. Aliyeshikwa na bangi miaka tisa iliyopita anataka kupaka rangi kuta, shida iko wapi? Aliyeiba kwa mwajiri juzijuzi akaomba uhasibu, hapo lazima tukae tuzungumze. Na kabla ya kumkataa mtu tunampa ripoti aisome, ajitetee. Kuna mmoja alituambia, "Huyu si mimi." Kweli, majina tu yalifanana. Zamani tungemkata kimya kimya.

Mzee wa Randa: Hawaii waliliweka hilo kwenye sheria tangu 1998, mwajiri haulizi mpaka atoe ofa. Uingereza nako, kwa sheria ya 1974, hukumu nyingi zikishapita muda wake huna haja ya kuzitaja, isipokuwa kwa kazi kama za kulea watoto. Ila kisanduku kikitoka, pengo la miaka kwenye wasifu linabaki palepale. La kwangu ni miaka minne. Nililijaza kwa kozi ya useremala niliyosomea ndani.

Mleta mada: Na jina la gereza uliliandika?

Mzee wa Randa: Niliandika, kwenye mstari wa chuo. Msaili akacheka, halafu akauliza kama naweza kutengeneza makabati.