Jenereta isiyotumia mafuta: inawezekana?

Mkulima wa Tukuyu: Wakuu, huku kwetu kuna fundi anayeuza jenereta ambayo, kwa maelezo yake, ikishawashwa kwa betri hujiendesha yenyewe bila mafuta wala jua. Nilipomwomba afungue kasha alikataa, akisema ni siri ya biashara.

Mwalimu, Iringa: Haiwezekani, ndugu yangu, kwa kuwa nishati haiumbwi, na msuguano pamoja na joto la nyaya hula sehemu ya ile iliyopo. Aondoe betri, aunganishe pasi ya wati 1,000, nanyi msubiri saa nzima.

Mdau wa Mbeya: Hata wasomi huteleza. Mwaka 1989 wanakemia Pons na Fleischmann walitangaza huko Utah, Marekani, kwamba wamepata nishati kwa kuunganisha viini vya atomu katika joto la kawaida, lakini maabara nyingi zilizorudia jaribio hazikuona kitu.

Mkulima: Pasi ninayo. Nitakwenda nayo kesho.