Kuku yuko kwenye dozi, trei zinaenda sokoni, halafu tunaambiwa "mbona Marekani wanaruhusu"?

Wakuu, huu uzi ni wa hasira. Anayetaka mada laini apite.

Kila ukihoji kwa nini kuku wa mayai wanapigwa enrofloksasini, ambayo ni antibayotiki, jibu ni lile lile: "Hata Marekani wanatumia antibayotiki." Marekani ipi hiyo? Si ndiyo iliyoifuta enrofloksasini kwa kuku wote mwaka 2005, kwa sababu bakteria wa kuharisha aitwaye Campylobacter alishaanza kuizoea na watu wakawa wanaugua ugonjwa usiosikia dawa? Basi wanahamia Ulaya: "Ulaya bado ipo." Ipo, kwa kuku wa nyama. Kwa kuku anayetaga mayai ya kuliwa imekatazwa. Yaani mnatetea kitu ambacho kote mnakokutaja hakiruhusiwi.

Mchezo wa pili ni wa tarakimu. Oksitetrasaiklini, antibayotiki nyingine, kwenye nyama: Ulaya inakubali mabaki ya dawa yasiyozidi mikrogramu 100 kwa kilo, Codex (viwango vya chakula vya kimataifa) 200, Marekani 2,000. Mfugaji mjanja anashika ile 2,000 na kukaa nayo kama hati ya shamba. Masharti yanayokuja na hiyo tarakimu hayataji. Huko tangu 2017 dawa hii haiwekwi kwenye chakula wala maji ya kuku bila amri ya daktari wa mifugo, na kuitumia ili kuku wakue haraka kumefutwa. Ulaya ilifuta antibayotiki zote za kukuzia tangu 1 Januari 2006. Unachukua namba, unaacha sheria. Huo ni wizi wa mchana.

Sasa tuje kwenye yai, maana hapa ndipo uongo umejificha.

Kuku wa nyama ukimpa dawa unaweza kumsubirisha. Anakula, anakunywa, siku zinaisha, unachinja. Kuku wa mayai hasubiri, kesho anataga. Ndani yake viini vimepangana kama shada, vikubwa kwa vidogo, na kila kimoja kinanenepa kwa kasi siku 10 hivi kabla ya kutagwa. Dawa iliyo kwenye damu leo inaingia kwenye viini vyote vinavyonenepa leo. Kwa hiyo ukiacha dawa Jumatatu, yai la Alhamisi ya wiki inayofuata bado linaweza kuwa limebeba. Kundi la enrofloksasini haliishii hata kwenye kiini, ute nao unapata. Na ndani ya mwili wa kuku sehemu yake inageuka kuwa siprofloksasini, ile ile unayoandikiwa wewe hospitali.

Piga hesabu. Kuku 500 wakitaga asilimia 90 ni mayai 450, trei 15 kwa siku. Dozi siku 5, kusubiri siku 10: trei 225 za kutupa. Nani anatupa? Hakuna. Zinauzwa. Na zipo dawa zilizosajiliwa kwa kuku wanaotaga, nyingine siku zake za kusubiri kwa mayai ni sifuri, imeandikwa kwenye lebo. Hazichaguliwi kwa sababu muuza duka ana ile nyingine rafuni.

Halafu zile pakiti za "vitamini ya kuongeza utagaji". Geuza pakiti, soma maandishi madogo nyuma. Nyingi utakuta oksitetrasaiklini, nyingine zina mpaka kolistini. Kolistini ni ya kumnusuru binadamu ambaye dawa nyingine zimegoma! China iliiondoa kwenye kukuza mifugo baada ya jeni la usugu, mcr-1, kuripotiwa mwaka 2015. India iliipiga marufuku kwa mifugo ya chakula mwaka 2019. Sisi tunaiita vitamini.

Dozi yenyewe sasa. "Kijiko kimoja kwa lita." Kijiko cha nani? Enrofloksasini hupimwa miligramu 10 kwa kila kilo ya kuku kwa siku. Kuku 500 wa kilo moja na nusu ni kilo 750, sawa na miligramu 7,500. Kwa dawa ya asilimia 10 hiyo ni mililita 75 kwa siku, basi. Ukiichanganya kwenye lita 100 na hao kuku wakazimaliza, umepatia. Joto likipanda wakanywa lita 200 na wewe unachanganya kwa lita kwa kipimo kile kile, wamepata dozi mbili, na zile siku za kusubiri kwenye lebo hazina maana tena. Wakiumwa wakanywa lita 50, wamepata nusu, na aliyezidiwa kabisa, ambaye hafiki kwenye chombo, hajapata kitu. Nusu dozi ndiyo shule ya bakteria. Pima uzito, pima maji ya jana, changanya ya siku moja tu.

Oksitetrasaiklini ina tabia yake pia: inashikana na kalsiamu. Maji magumu, chokaa iliyojaa kwenye chakula cha kuku wa mayai, nusu ya kazi imeshakwama tumboni. Mfugaji akiona haifanyi kazi, anaongeza kijiko.

Na mara nyingi ugonjwa wenyewe ni kideri au Gumboro. Virusi! Hakuna antibayotiki inayoua kirusi, hapo ulikosa chanjo. Kuhara damu nako ni koksidia, kimelea cha utumbo, na dawa yake ipo, amprolium.

Msinijibu "tutapika vizuri". Kupika kunaua bakteria, ila enrofloksasini inastahimili moto, sehemu inahamia kwenye supu. Na wale bakteria sugu walishabaki kwenye ubao wa kukatia kabla sufuria haijachemka.

Lebo ya "bila antibayotiki" nayo isiwatulize sana. Dawa za koksidia aina ya monensini Marekani huhesabiwa antibayotiki, Ulaya huhesabiwa viongezi vya chakula. Kuku yule yule, kwa Ulaya lebo inapita, kwa Marekani haipiti. Na kuku wa "organic" wa Marekani masharti yake yanaanza siku ya pili ya maisha, kwa hiyo sindano ya pale kiwandani kwa vifaranga haiguswi.

Kwa hiyo kila anayeuza trei aje hapa aandike vitu vitatu: jina la dawa ya mwisho, tarehe ya dozi ya mwisho, na siku za kusubiri kwa mayai kama zilivyo kwenye lebo. Lebo ikiwa inasema "isitumike kwa kuku wanaotaga", piga picha uweke. Tunasubiri.